Masika Mama Alipopanda Juu ya Paa

Harufu ya lami ikiyeyuka ndani ya kopo la maziwa, juu ya mafiga uani, ndiyo iliyotutangazia masika nyumbani kwetu Nguvumali. Kwa wengine masika yalitangazwa na vyura, au na wingu zito upande wa bahari. Kwetu yalitangazwa na baba akikoroga lami kwa kijiti, macho yakimtoka machozi kwa moshi, huku mama akianua nguo haraka haraka zisije zikanuka. Ilikuwa harufu nzito, tamu kidogo na chungu kidogo, iliyoingia kwenye mashuka, kwenye nywele, hata kwenye wali. Mimi na mdogo wangu Saidi tuliipenda, kwa kuwa hatukujua kwamba ni harufu ya kazi isiyofaa. Kila mwaka baba alipanda na kopo lake, akapaka, akashuka na mikono myeusi, akasema mwaka huu maji hayapiti. Na kila mwaka maji yalipita.

Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba mbili zilizofungishwa ndoa. Mbele ilikuwa ile ya babu, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nyuma, kabla hajaoa, baba aliongeza vyumba viwili vilivyoelekea uani. Paa la babu na paa la baba yalikutana kwa pembe, na pale yalipokutana palikuwa na bonde, yaani mfereji wa bati uliopokea maji ya pande zote mbili na kuyateremsha hadi ukingoni. Asiyewahi kulala chini ya bonde la paa hudhani nyumba huvuja popote. Sivyo. Kwenye mteremko wa kawaida maji hupita upesi, hayana muda wa kufanya ubaya. Bondeni ndiko yanakokutana, yakasukumana, yakatafuta njia, na yakiikosa hujitengenezea yao. Chini ya bonde letu kilikuwa chumba cha baba na mama. Hatukuwa na dari. Ukilala chali kitandani kwao uliona mbao za kenchi, fito, na migongo ya mabati, na ukutani alama ya maji yenye rangi ya chai ya rangi, ambayo kila mwaka iliteremka kidogo zaidi.

Vyumba vya mbele alipanga Mama Neema, Msambaa wa milimani, Mlutheri, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge na alikuja mwisho wa mwezi. Yeye na mama waliishi kama watu waliozaliwa nyumba moja. Mmoja akipika, mwingine anachungulia chungu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano. Mvua iliwahi, ikamkuta baba hajapaka lami yake. Asubuhi moja baada ya manyunyu akaegesha ngazi. Mama alimwomba asubiri bati likauke. Baba akajibu kwamba bati likikauka mvua itakuwa imesharudi, akapanda. Mimi nilikuwa karoni naosha vyombo. Nilisikia kopo kwanza, likibingirika juu ya bati kwa mlio mwembamba, kisha kishindo. Alikuwa ameangukia ukingo wa saruji wa karo, hatua chache kutoka nilipochuchumaa. Hakupiga kelele. Aliniita jina langu, Mwanaidi, taratibu kabisa, akaniambia nikamwite mama na nisikimbie, maana pale uani panateleza.

Paja lilivunjika. Alikaa hospitali hadi sisi watoto tukazoea kula bila yeye, kisha akarudishwa nyumbani juu ya machela, amefungwa hogo la plasta, jeupe, zito, kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Daktari alimpa mama maelekezo mengi, lakini aliloshika zaidi ni moja: hogo lile lisiguswe na maji. Likilowa litalainika, na likilainika mfupa utaunga upande, na baba hatatembea tena kama mtu. Mama alilirudia neno hilo njia nzima kutoka hospitali, mimi nikiwa pembeni yake. Alikuwa anampeleka mtu asiyetakiwa kulowa kwenye chumba kinachovuja, na masika ndiyo kwanza yameanza.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusimlaze kwingine. Chumba chetu watoto nacho kilipokea maji yaliyotambaa juu ya mbao zile zile. Mama Neema alijitolea vyumba vyake bila kuombwa, akaanza hata kukunja godoro la mtoto. Baba akakataa. Alisema mpangaji hahamishwi kwa shida ya mwenye nyumba, na alipokwisha kusema hivyo akageuza uso ukutani, tukajua mjadala umefungwa. Basi kitanda kikasogezwa pembeni, pakawekwa beseni, ndoo, sufuria, na turubai la kufunika miguu yake. Matone yaligonga kila chombo kwa sauti yake. Haba na haba hujaza kibaba, wanasema, na sisi tulikuwa tukivimwaga vibaba hivyo uani asubuhi, mchana na jioni.

Wageni walikuja kumjulia hali. Walikaa kwenye mkeka, wakatazama juu, wakatikisa vichwa, wakasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama aliwapa kahawa. Lakini aliyekuja kila siku alikuwa Shangazi Mwanakombo, dada mkubwa wa baba, aliyeishi mtaa wa pili. Huyu hakuwa mtu wa methali. Alikuwa mtu wa amri. Alitaka fundi aitwe, na fundi akaitwa. Wa kwanza alipanda, akapaka lami, akashuka. Ikavuja. Wa pili akapaka lami juu ya lami. Ikavuja. Wa tatu hakupanda hata ngazi. Alisema kwa upole kwamba hakuna fundi atakayefumua paa katikati ya masika, tungoje mvua zikatike. Alikuwa na haki, nami leo ningemjibu hivyo hivyo mtu mwingine. Lakini mvua zikatike lini, na hogo limeshaanza kuwa na madoa ya unyevu pembeni mwa goti?

Siku hiyo mama alikaa kizingitini muda mrefu akitazama paa. Mama alikuwa Mpemba. Alikulia kwenye mashamba ya karafuu, na utotoni alipanda mikarafuu pamoja na kaka zake mpaka kwenye matawi ambayo hayakuwabeba wao. Alikuwa akituhadithia hayo kama mambo ya kuchekesha. Sasa nilimwona akilipima paa kwa macho kama mtu anayeutazama mti. Akainuka, akaenda kwa Mama Neema, wakazungumza kwa sauti ya chini, na alasiri ile ngazi ndefu ya jirani ikaingia uani kwetu.

Baba aliisikia ikigonga ukuta. Akamwita mama, akamuuliza ni nani atakayepanda ngazi ile. Mama akasema ni yeye. Tone moja likaanguka ndani ya sufuria.

"Nani amekupa ruhusa?" baba akauliza.

"Mgonjwa haulizwi uji," mama akajibu, akatoka.

Hakupanda siku ile. Mvua ilirudi, ikanyesha siku iliyofuata yote, na baba hakusema neno na mama ila kuomba maji. Shangazi alikuja, akaiona ngazi, akaelewa. Alimwambia mama mbele yetu kwamba mwanamke kusimama juu ya paa mchana kweupe, watu wakimtazama kutoka chini, ni kumvua nguo mumewe aliyelala. Alisema ndugu yake amevunjika mguu, hajavunjika heshima. Mama alimsikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akamwambia, wifi, lisilo budi hutendwa. Shangazi akajitanda ukaya wake, akaondoka bila kunywa kahawa.

Sijui ni nini kilichombadilisha baba. Labda ni ule ukimya wenyewe. Mtu aliyelala chali hana kazi nyingine ila kutazama na kusikiliza, na baba alikuwa amelisikiliza paa lile kuliko mtu yeyote aliyewahi kulipaka lami. Jioni ya siku ya mvua, mama alipomletea uji, akamwambia akae. Akaanza kusema huku akitazama juu. Alisema amegundua jambo. Manyunyu hayavuji kamwe. Mvua kubwa nayo ikianza haivuji, ila huchukua muda, kama muda wa mtu kuchemsha chai, ndipo tone la kwanza linapotokea.

"Tundu lingevuja kwa mvua yoyote," alisema. "Pale hapana tundu. Panafurika."

Mama aliweka bakuli chini. Baba akaendelea, sasa kwa shida zaidi, kwa sababu bonde lile alilitia yeye mwenyewe ujanani. Alisema alitumia kipande cha bati kilichobaki, chembamba, hakikuzidi upana wa kiganja. Alikipigilia misumari katikati, palepale maji yanapopita. Majani ya mti wa mkungu wa jirani hunasa kwenye vichwa vya ile misumari, maji hujaa nyuma yake, kisha hupanda pembeni na kuingia chini ya mabati. Lami haiwezi kuzuia hilo. Lami huziba tundu, haipanui njia. Miaka yote ile alikuwa akiuguza jino zima na kuliacha bovu.

Usiku ule tulichelewa kula, kwa sababu baba aliagiza nimletee mfuniko wa bati la biskuti. Akaukunja kwa mikono yake pale kitandani, ukawa bonde dogo. Kisha akakunja kingo zake mbili kwa juu, upana wa kidole, kama upindo wa nguo. Saidi akashika, mama akamimina maji kwa birika. Maji yalijaribu kupanda, yakakuta upindo, yakarudi katikati. Mama akamimina kwa nguvu zaidi. Yakarudi tena. Baba akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aanguke. Akamwambia mama: mapana ya shibiri mbili, kingo zikunjwe, msumari usiguse katikati, na akianza aanzie chini, kipande cha juu kikilalie cha chini, maana maji hayajui kurudi mlimani. Na akiwa juu akanyage penye misumari tu, kwa kuwa ndipo fito zilipo chini yake. Hakusema kwamba ametoa ruhusa. Mama hakuuliza.

Asubuhi mama alinichukua hadi Ngamiani, kwa mafundi wanaogonga majiko na masanduku ya bati, pale ambapo kelele za nyundo hukufanya uzungumze kwa mikono. Aliwaeleza umbo alilolitaka, akawaonyesha mfuniko wa biskuti. Walidhani ni mchezo wa watoto, mpaka alipowaambia wamkunjie vipande viwili virefu vya bati bapa namna ile ile. Tulirudi na mkokoteni, vipande vikiwaka kwa jua la ghafla, na mwendeshaji akiuliza kila mara kama tunajenga meli.

Jua lile lilidumu hadi siku ya pili. Mama alivaa suruali ya baba ndani ya gauni lake, akafunga kanga kiunoni kwa fundo gumu, akajitanda mtandio, akavua viatu. Mama Neema alishika ngazi kwa mikono yote miwili, akaanza kuimba pole pole wimbo wa kanisani kwao, si kwa ajili yetu, nadhani ni kwa ajili yake mwenyewe. Watu walijaa kwenye upenyo wa ua. Wapo waliocheka. Mama alipanda kama anayepanda ngazi za baraza. Alipofika juu alilaza ngazi ya pili fupi juu ya bati, akaifunga kwa kamba, akaanza kung'oa misumari.

Mimi na Saidi tuliingia ndani kwa baba. Baba aligonga mbao kwa fimbo ndefu kumwonyesha fito zilipo, naye mama aligonga bati kwa nyundo kumjibu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Mabati ya pembeni yalipofunuliwa, mwanga uliingia chumbani kama upanga, na vumbi la miaka likatuangukia. Kile kipande chembamba cha zamani kikatoka, kimeliwa na kutu, kikiwa na tope la majani yaliyooza na mjusi mkavu. Mama alikitupa uani bila kukitazama. Akakata ncha za mabati kwa mkasi wa bati ili bonde lipate nafasi ya kupumua. Kipande cha chini kikalala mahali pake, akakipigilia pembezoni mwa upindo. Alikuwa amekiinua kile cha juu tu wakati Mama Neema alipoacha kuimba.

Wingu lilikuwa limetoka baharini bila ngurumo. Nililiona kupitia ule mwanya, jeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Mwanya ulikuwa umepanuka hadi juu ya kitanda, na kitanda kilikuwa na baba, na hogo lake. Mimi na Saidi tulipanda kitandani na turubai, kila mmoja kwenye pembe yake, tukanyanyua mikono. Pembe mbili zilikuwa zikining'inia. Matone ya kwanza yakapiga. Mama Neema alipaza sauti, akamwambia mama ashuke waufunike mwanya kwa mikeka, wamalize siku nyingine.

"Usishuke," baba akasema. Kisha akakaza sauti ili imfikie juu: "Mama Mwanaidi, usishuke. Malizia."

Nyundo ikaanza tena. Maji yalijaa kwenye turubai, likawa zito, na Saidi akaanza kulia bila kuachia. Ndipo mlango uliposukumwa. Shangazi Mwanakombo aliingia, ukaya wake umelowa chapachapa, akatutazama, akatazama juu. Sikujua atasema nini. Alivua ukaya, akautupa kwenye kiti, akapanda kitandani kwa miguu yake minene, akashika pembe ya tatu kwa mkono mmoja na ya nne kwa mkono mwingine, akaliinua turubai mpaka maji yakamwagika upande wa mlango. Tulisimama hivyo, sote watatu, tukimzunguka baba kama nguzo za hema. Juu yetu ule mwanga ulizidi kuwa mwembamba. Ukawa uzi. Kisha ukazimika, na sauti ya mvua ikabadilika ghafla, ikawa ile sauti nene ya maji yanayopita juu ya bati bila kuingia.

Hatukushusha turubai upesi. Muda wa kuchemsha chai ulipita. Mvua ilikuwa kubwa, ile ya kutomsikia mwenzio. Baba alinyoosha mkono akagusa ukuta, akauacha pale. Muda mwingine ukapita. Shangazi ndiye aliyeshusha mikono kwanza. Mama akaingia, maji yakimtiririka, viganja vimekatwa na kingo za bati. Akatazama ukuta, akamtazama baba, akaketi sakafuni. Shangazi akamwambia, "Wifi, kavue hizo nguo, utaugua." Hiyo ndiyo sifa pekee aliyompa. Ila mwaka uliofuata alikuja kumwomba amtazamie paa lake, na mama alikwenda.

Hogo lilifunguliwa mvua zilipoisha. Mfupa ulikuwa umeunga, ingawa baba alichechemea hadi mwisho wa maisha yake. Hakupanda paa tena wala hakuyeyusha lami. Kila ilipokaribia masika mama alipanda kuondoa majani, baba akiwa chini na fimbo yake, akitoa maelekezo ambayo mama hakuyahitaji tena. Vijana wa mtaa walimwita Fundi Mpemba, kwa utani mwanzoni, baadaye kwa kumwuliza mambo ya paa.

Leo nina nyumba yangu, nje ya mji, barabara ya Pangani. Ni nyumba ya siku hizi. Paa lake lina mabonde manne, kwa kuwa nyumba isiyo na mapaa yanayopandana huonekana ya kimaskini, na ndani lina dari nyeupe yenye nakshi. Mvua ikinyesha watoto wangu hawaisikii. Mwanzoni nililiona jambo hilo kuwa maendeleo. Sisi tulilala chini ya bati lenyewe, tukajua siku tone lilipozaliwa. Wanangu wanalala chini ya dari, na dari hutunza siri mpaka mbao zioze. Kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, lakini pakacha lililofunikwa vizuri humfikisha mchukuzi nyumbani na mikono mitupu.

Masika haya doa lilitokea juu ya kabati la sebuleni. Mume wangu alitaka lipakwe rangi. Fundi alikuja na mrija wa gundi ya silikoni, akapaka, akasafisha mikono kwa kitambaa, akaondoka kwa pikipiki. Mvua ya pili doa likarudi likiwa limenenepa. Nilikaa nikalitazama jioni nzima. Nina uwezo ambao wazazi wangu hawakuwa nao, simu ya kumwita fundi yeyote, duka la vifaa mlangoni, na bado nilikuwa naelekea kufanya kile kile baba alichofanya miaka yote na kopo lake. Tofauti yetu ilikuwa harufu tu. Asubuhi nilimwita tena fundi yule, nikamwambia afumue bonde lote. Alisema tungoje mvua zikatike. Nikamwambia nitamshikia ngazi.

Alifikiri natania. Nilitoka na mabuti na koti la mvua, nikashika. Mama, ambaye sasa ni mzee na anaishi nami, aliomba kiti akakaa barazani akatazama, mikono mapajani. Chini ya silikoni tulikuta bati jembamba, misumari katikati, na majani. Fundi alinitazama kutoka juu, nami nikamwelekeza duka la kukunja bati. Kazi ilituchukua hadi alasiri, tukinyeshewa mara mbili. Nilipoingia ndani nilipanda juu ya kabati, nikakata kipande cha dari kwa kisu cha jikoni, nikapenyeza mkono hadi kwenye mbao nikazipapasa kuona kama maji bado yanapita.

Bonde la kwanza limekauka. Bado mengine, na masika hayajaisha.